Vichwa Themanini na Vinane

Jumamosi ya kwanza ya msimu wa kuwinda, bucha ya Maki na Mwana mjini Duluth haina pa kuweka mguu. Novemba ile foleni ilitoka mlangoni ikapinda kona: wanaume kwa wanawake, vizibao vya rangi ya chungwa, mabuti yamejaa theluji na matope, kila mmoja na kulungu wake nyuma ya gari, na kila mmoja akisimulia alivyompiga kana kwamba wenzake wamekuja kununua sukari. Ndani kulinukia damu, kahawa na mkate wa iliki. Katikati ya vurugu hiyo akaingia Signe Ronning, koti jeusi la sufu, skafu nyekundu, boksi la barafu begani, hana kulungu wala kizibao, akaipita foleni nzima mpaka kaunta.

"Ala! Dada, foleni inaanzia kule nyuma," mzee mmoja alimkaripia.

"Sikuja na nyama, mzee wangu. Nimekuja kuomba vichwa."

Mwenye bucha akainua macho kutoka kwenye paja alilokuwa analikata. Verner Maki alikuwa na miaka thelathini na minne, mrefu, ndevu za rangi ya asali, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni, na aproni iliyokuwa nyeupe saa mbili zilizopita. Akamtazama kuanzia skafu hadi viatu, kisha akarudi juu taratibu.

"Vichwa vya nini, mrembo?"

"Vya kulungu. Na damu yao."

"Na damu pia! Ya kuogea?"

Foleni ikaangua kicheko. Signe hakucheka. Alimkazia macho mpaka yeye mwenyewe akalifuta lile tabasamu.

"Kuna mnyoo," alisema, "mwembamba kama uzi. Anakaa kwenye utando wa ubongo wa kulungu, na kulungu hana habari naye, anakula, anazaa. Mnyoo huyohuyo akimwingia musi, musi anazunguka palepale kama mlevi mpaka anaanguka. Wewe mara ya mwisho umemwona musi lini?"

Verner alifikiri. Babu yake alikuwa akiwafukuza musi bustanini, wanyama wa jamii ya kulungu lakini wakubwa kuliko farasi, pembe pana kama koleo. Yeye alikuwa hajamwona hata mmoja kwa miaka sita.

"Basi mpaka leo, ukitaka kujua kama kulungu ana huyo mnyoo lazima umuue umpasue kichwa," Signe aliendelea. "Mimi natengeneza kipimo cha damu. Unamchoma sindano, unamwachia aende zake, jibu unalo. Lakini ili nithibitishe kwamba kipimo kinasema kweli, nahitaji damu na kichwa cha mnyama yuleyule. Yuleyule, unanielewa? Vikichanganyika, miaka yangu mitano imekwenda na maji."

"Hapa hatuchanganyi!" Sauti ilitoka kwenye mashine ya kupokelea pesa. Alikuwa Mama Helmi, mamake Verner, mfupi, nywele nyeupe zimefungwa kwa kitambaa cha maua. "Mtu akileta kulungu wake hapa, anakula kulungu wake. Tangu mwaka wa hamsini na moja. Muulize yeyote."

Hakuna aliyehitaji kuuliza. Katika mji ule unaweza kumwambia mwenye bucha kwamba visu vyake butu, kwamba soseji zake zina chumvi, atacheka. Mwambie kwamba umempa kulungu wako amekurudishia nyama ya kulungu wa mwingine, hapo umemuua. Mwindaji amekaa juu ya mti kwenye baridi tangu alfajiri. Anataka kula mnyama wake, si wa jirani.

"Vichwa ninavyo vingi tu," Verner alisema, sasa kwa upole. "Unaitwa nani?"

"Signe. Na wewe?"

"Verner."

"Verner! Jina la mtu wa miaka themanini."

"Nimelirithi. Na bucha pia. Ukitaka nitakurithisha na wewe."

"Nipe vichwa kwanza, babu," Signe alisema, na safari hii alicheka.

Alimfundisha kuvuta damu moyoni kwa bomba la sindano, kuijaza kwenye kichupa, kuandika namba kwenye kichupa na namba ileile kwenye sikio la kichwa. Kila jioni bucha ikifungwa alipita kuchukua. Siku ya tatu Verner alimwekea bakuli la supu ya mchele pori. Siku ya sita alikuwa amenyoa shingo na kuvaa shati la buluu lililopigwa pasi, Mama Helmi akauliza kwa sauti kama kuna msiba. Siku ya tisa walibusiana kwenye chumba cha baridi, katikati ya mizoga, pumzi zao zikitoka kama moshi, na wote wawili wakakiri baadaye kwamba hawakusikia baridi.

Zikaanza simu. Asubuhi, mchana, jioni.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Kuna mteja mmoja hapa anataka kunila kwa macho. Ila ana miaka sabini."

"Mwambie mimi kazi yangu ni kupasua vichwa."

"Nimemwambia. Amesema atasubiri."

"Na leo umenijazia vichupa vingapi?"

"Kumi na kimoja."

"Namba umehakikisha?"

"We mwanamke! Mimi najaza tu, msomi ni wewe."

Siku hiyo Signe alicheka mpaka akalaza kichwa mezani. Msimu ulipokwisha alikuwa na vichwa themanini na vinane, vichupa themanini na vinane, na mwanaume anayemwita laazizi mbele ya mamake.

Desemba na Januari nzima alipasua mafuvu, akafunua utando, akahesabu minyoo kwa kibano. Februari akapima damu. Alitumia sahani ya plastiki yenye vishimo tisini na sita: kishimo kikigeuka njano, kulungu yule ana mnyoo, kikibaki cheupe, hana. Vishimo vinne vya pembeni aliweka damu anayoijua kuwa ina ugonjwa, vinne vya katikati damu anayoijua kuwa ni safi, ili aione mashine ikikosea. Akaisukuma sahani ndani ya mashine mpya ya kusomea, akapata majibu, na Ijumaa akayapeleka mbele ya Profesa Osgood, msimamizi wake chuoni, na wageni watano waliokuja kuamua kama kazi ile iendelee.

Ilikuwa aibu tupu. Kulungu namba kumi na saba, aliyekuwa na minyoo kumi na mmoja kichwani, damu yake kipimo kilisema safi. Namba sabini na mbili, fuvu lake halina hata mmoja, kipimo kilisema mgonjwa. Ukurasa baada ya ukurasa, hovyo, kama mtu aliyefumba macho akarusha karata. Mgeni mmoja alifunga daftari lake kabla Signe hajafika nusu.

"Vishimo vya pembeni na vya katikati vilisoma sawasawa," Profesa Osgood alimwambia wageni walipoondoka. Alikuwa bibi mkavu, hapotezi neno. "Kipimo ni kizima. Basi kilichoharibika ni sampuli. Nani alijaza vichupa?"

Najaza tu. Maneno yale yalimrudia Signe kama kofi. Mimi najaza tu! Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Kumbe jitu lile lilikuwa linachota damu kwa mnyama yeyote aliye karibu, linaandika namba, linamwekea supu mezani ili lipate busu. Miaka mitano! Alirudia kusoma sahani ileile, kwenye mashine ileile, akaiweka kwa mkono uleule. Majibu yaleyale.

Sasa, Signe hakuwa mtu wa kusahau. Darasa la nne msichana mmoja alimkata msuko mmoja kwa mkasi. Signe alingoja miaka miwili, mpaka siku ya picha ya shule, akaikata yote miwili ya mwenzie. Hakulia, hakusema. Na safari hii pia hakusema. Simu ilipolia jioni ile alipokea.

"Imekuwaje, laazizi? Wamekipenda kipimo?"

"Watanijibu," alisema kwa sauti tamu. "Nimekukosa, mpenzi wangu."

Wiki tatu alimwita mpenzi. Wiki tatu alikula supu yake na kumfuta ndevu kwa kidole huku moyoni akichagua mahali pa kumchoma. Mahali penyewe Verner alimpa kwa mkono wake. Klabu ya wawindaji ya mtaa ule huwa na chakula cha jioni kila Machi, watu mia mbili na zaidi, na Verner ndiye mpishi. Alikuwa amewaomba viongozi wampe Signe dakika kumi azungumze juu ya mnyoo wake.

"Vaa lile gauni la kijani," Verner alimwambia kwenye simu. "La mahameli. Nataka wakuone."

"Wataniona," Signe alisema.

Na walimwona. Gauni la kijani limemkaa mwilini, nywele zimepandishwa, hereni za fedha. Ukumbi ulijaa meza ndefu, harufu ya soseji na vitunguu, vicheko. Verner alikuwa akipakua supu kwenye meza ya mbele, tai shingoni na aproni juu ya tai, anamtazama kwa fahari mpaka watu wanakonyezana. Signe alieleza juu ya mnyoo, juu ya musi, wakampigia makofi. Kisha akasema:

"Lakini kipimo changu kimeshindwa, na ni haki yenu kujua kwa nini. Nilichukua damu na vichwa vya kulungu themanini na wanane kutoka bucha moja ya mji huu. Damu na vichwa havikulingana. Namba hii ina damu ya yule, yule ana kichwa cha huyu. Sasa jiulizeni wenyewe. Kama mwenye bucha hajui kichwa kipi ni cha damu ipi, zile nyama alizowarudishia nyumbani zilikuwa za nani?"

Vijiko vilisimama. Mzee mmoja aliinuka nusu. "Bucha gani hiyo, binti?"

"Mnakula chakula chake sasa hivi."

Watu mia mbili waligeuza vichwa. Verner alikuwa ameshika upawa juu ya bakuli la mtu. Hakumwaga hata tone. Akamaliza kumpakulia yule mtu, akaulaza upawa, akavua aproni, akaikunja, akatoka kwa mlango wa jikoni. Signe aliingia kwenye gari lake kwa raha. Ndiyo, kwa raha, nisiseme uongo. Alipiga usukani kwa kiganja na kusema "Chukua hiyo!" mara tatu.

Kesho yake simu ililia mara moja tu.

"Ulijua tangu lini?" Verner aliuliza.

"Wiki tatu."

"Wiki tatu. Kila siku tunaongea mara tatu. Ukaniita mpenzi. Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungeniambia nini? Uongo mwingine?"

"Hutajua sasa," alisema, akakata.

Yeye naye hakuwa malaika. Ndani ya wiki moja alizunguka kwa kila mwenye bucha wa mji ule na miji miwili ya jirani. "Mpeni damu leo, kesho atawashtaki nayo," aliwaambia, na wote walimwelewa. Signe alipopiga simu kuandaa msimu ujao, mmoja baada ya mwingine alimjibu kwamba damu hakuna, vichwa hakuna, na asipige tena. Wa mwisho alimtakia maradhi. Signe aliapa kwamba siku moja atamfilisi hata huyo.

Bucha ya Maki ilipungukiwa na wateja hadi ikafungwa siku tatu kwa wiki. Signe alipita pale kwa gari mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na kila alipoona pazia limeshushwa alijiambia anastahili. Ila supu hakuweza tena kunywa, ya aina yoyote.

Septemba Profesa Osgood alimwambia atupe sampuli zile ili friji ipate nafasi. "Pima kumi tu za mwisho," alisema, "ili tuandike kwamba tumezipima mara mbili, kisha zitoke."

Signe alizipima. Alipobeba sahani kwenda kwenye mashine alikuta fundi aliyeifanyia matengenezo wiki ile amebandika kwenye trei mshale mwekundu na maandishi makubwa: KONA ILIYOKATWA IKAE HUKU. Sahani zote za aina ile zina kona moja iliyokatwa, ili usizigeuze. Kwenye mashine ya zamani kona hiyo ilikaa kushoto. Mshale ulionyesha kulia.

Februari, kwa mazoea, mkono wake ulikuwa umeiweka kushoto.

Alikwenda mbio mezani, akachomoa karatasi ya Februari, akaigeuza juu chini, akaiweka kando ya orodha ya mafuvu. Jibu lililoandikwa kumi na saba lilikuwa la sabini na mbili. La thelathini na moja lilikuwa la hamsini na nane. La kwanza lilikuwa la mwisho. Na vile vishimo vyake vya kulindia, vinne pembeni na vinne katikati, alivipanga vizuri mno: ukiigeuza sahani vinaangukia palepale, havikwambii kitu. Akapita namba moja moja kwa kalamu. Kati ya kulungu themanini na wanane, kipimo kilikuwa kimesema kweli kwa themanini na watano.

Kipimo kilifanya kazi. Kilifanya kazi tangu Februari. Na kilifanya kazi kwa sababu Verner Maki, aliyesimama saa kumi na nne kwa siku kwenye damu na barafu, hakukosea namba hata moja. Signe alipaswa kuruka juu. Alikaa sakafuni akajiziba mdomo.

"Hongera, binti," Profesa alisema alipoonyeshwa. "Andika ripoti, sema palitokea kosa la usomaji. Mambo ya bucha hayahusu ripoti."

Na kweli hayakuihusu. Angeweza kunyamaza, akapata sifa, asingejua mtu. Siku mbili alijaribu kunyamaza. Siku ya tatu alivaa koti akaenda.

Mama Helmi alikuwa peke yake kaunta, anafuta mizani isiyo na vumbi.

"Tumefunga."

"Mlango uko wazi, mama."

"Kwako tumefunga. Na mama usiniite. Jioni ile ya Machi ndiyo ungeanza kuniita mama. Alikuwa na pete mfukoni, klabu nzima inajua, ukimaliza kusema apige goti. Pete nimeirudisha dukani mimi, kwa miguu yangu, kwenye theluji."

Signe alishika kaunta. Machozi yalimtoka bila ruhusa. Akaanza kueleza, sahani, kona, mshale, maneno yakigongana, na alipofika mwisho aliona Verner amesimama kwenye mlango wa chumba cha baridi, amekonda, ndevu hazijachongwa.

"Kwa hiyo uliipindua sahani," Verner alisema.

"Niliipindua."

"Halafu ukanipindua na mimi."

"Verner, nitaandika gazetini, nitasema..."

"Gazeti hapana. Gazeti watu wanafungia samaki." Aliingia ofisini akarudi na karatasi tatu zilizobanwa pamoja. "Hii ni orodha ya waliokula jioni ile. Watu mia mbili na wanne. Uliniua kwa mdomo wako, mbele ya macho yao. Nenda kwa mmoja mmoja, umtazame machoni, kwa mdomo huohuo."

"Wote?"

"Una kazi nyingine?"

"Na nikimaliza?"

"Ukimaliza umemaliza. Sijakuahidi kitu."

Signe alizichukua karatasi. Usidhani aliondoka mnyenyekevu. Aliondoka meno yameumana, akijiambia kwamba atamaliza orodha yote kisha amtupie usoni. Hamsini wa kwanza aliwaambia kwa hasira. Aliwafuata kanisani, kwenye saluni, kwenye foleni za bucha nyingine walikokimbilia. Mwanamke mmoja alimfungia mlango, Signe akamalizia maneno yake kupitia tundu la ufunguo. Mzee mmoja alimfanya arudie mara tatu, akijidai hasikii, mpaka mkewe na majirani walipokusanyika.

"Yaani kumbe nilikula kulungu wangu mwenyewe?" mzee alisema mwishowe. "Na mimi miezi saba nimekataa kula hata paja moja! Limeharibika kwenye friji, binti. Unajua nilikaa juu ya mti siku ngapi?"

"Samahani, mzee wangu."

"Samahani yako sitaila na viazi."

Kufikia mia moja hasira ilikuwa imekwisha, umebaki uchovu. Kufikia mia moja na hamsini palibaki aibu, aibu yenyewe halisi, isiyo na mtu mwingine wa kubebeshwa. Msimu wa kuwinda ulifunguliwa, na Jumamosi ile foleni ya Maki haikufika kona, lakini ilifika mlangoni. Jumamosi ya pili ilipinda.

Jumamosi ya mwisho Signe aliingia na orodha imechakaa. Majina yalibaki mawili. Alisimama mbele ya mashine ya pesa.

"Helmi Maki?"

"Nilishasikia," Mama Helmi alisema bila kumtazama. "Nimesikia kwako, nimesikia kwa wateja, hata kwa mchungaji. Endelea na wa pili."

Verner aliuweka kisu chini. Akanawa mikono, akatoka nyuma ya kaunta, akaenda kusimama mwisho wa foleni kama mteja. Watu wakampisha. Alitembea hadi alipo Signe, akasimama.

"Verner Maki," Signe alisema. "Ulikuwepo kwenye chakula cha klabu mwezi wa tatu?"

"Nilikuwepo. Nilipakua supu."

"Siku ile nilisema umechanganya damu na vichwa. Haikuwa kweli. Namba zako zote themanini na nane zilikuwa sahihi, mimi niliweka sahani kinyume." Alikunja orodha yake. "Lakini kosa langu si sahani. Sahani yeyote anaweza kuigeuza. Nilikuwa na simu mkononi wiki tatu na sikukuuliza. Sikutaka kujua, Verner. Nilitaka kukuumiza."

Verner alikuwa akitazama sakafu.

"Na mimi nikakufungia bucha zote," alisema. "Nikaona raha. Nikaona raha sana." Aliinua macho. "Haya, niulize sasa."

"Nikuulize nini?"

"Chochote. Tangu Machi nangoja uniulize kitu."

Signe akasema, si kwa sauti kubwa:

"Utanioa?"

Mtu wa nyuma kabisa aliangusha kofia. Masikio ya Verner yakawa mekundu.

"Nitakujibu Jumatatu," alisema. "Kaa na wewe na swali tumboni siku mbili, uone linavyolala." Akarudi nyuma ya kaunta, akachukua kisu, akamwita mteja anayefuata.

Loo! Signe alitaka kumrushia mizani. Alitoka pale akimtukana kimoyomoyo mpaka nyumbani. Jumapili hakuweza kula, hakuweza kusoma, alisafisha oveni mara mbili. Aliwaza kumpigia simu kumwambia amelifuta swali, ili naye aumie; akaishika simu, akaiweka. Jumatatu saa moja kamili, theluji inaanguka, alikuwa mlangoni pa bucha, na nyuma yake wateja watatu wenye kulungu wa mwisho wa msimu.

Verner alifungua komeo, akauacha mlango wazi kidogo, akamchungulia.

"Umelala?"

"Sijalala, mshenzi wewe."

"Mimi pia. Uliza tena."

"Nilishauliza!"

"Uliza tena, nilikuwa nimekasirika, sikusikia vizuri."

"Utanioa, Verner Maki, ndiyo au hapana? Na ukisema Jumanne nakuapia nitakupasua kichwa nihesabu kilichomo!"

Kutoka ndani, mlio wa sufuria ukakoma.

"Mwambie ndiyo, Verner, umfungulie mwanangu mlango!" Mama Helmi alipiga kelele. "Anaganda huko nje!"